Vipande Ulivyonikatia

Karatu, Jumatano, mvua imekatika sasa hivi

Mwanangu Rogata,

Umekwenda Rhotia kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua bibi yako hutarudi kabla hajakulisha mara tatu. Basi nimefunga duka saa tisa, jambo ambalo majirani watalijadili mpaka Jumapili, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa na daftari lako la kidato cha sita lililobaki kurasa. Univumilie mwandiko. Unajua mkono wangu wa kulia unavyochoka na kuvimba tangu waliponikata ziwa, kwa hiyo naandika mistari kumi napumzika, naandika kumi napumzika.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za vijana wa Dar es Salaam. Hayo baba yako ameyaandalia hotuba yenye vipengele, atakupa kesho stendi na wewe utamsikiliza kwa adabu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelichelewesha miaka minne.

Jumapili ulisimama kanisani kuaga, ukatoa ushuhuda. Ulisema Mungu alimponya mama yako kwa robo ya aspirini kila asubuhi, na kwamba wewe, tangu ukiwa mtoto wa miaka tisa, ndiye uliyekuwa unazikata kwa wembe, na ndiyo maana unakwenda kusomea udaktari. Watu walipiga makofi. Mama mchungaji alifuta machozi. Mimi nilikuwa benchi la tatu nikiangalia viatu vyangu. Jumatatu asubuhi, hata sijamaliza kufagia, wanawake wawili walikuwa mlangoni wakitaka "ile robo". Mmoja wao alikuwa amejifunga khanga kifuani kwa namna ninayoifahamu.

Jioni ya siku hiyo hiyo, mezani, ukamwambia baba yako kwamba unafikiria kuahirisha chuo mwaka mmoja. Ulisema kwa sauti ndogo, macho kwenye sahani. Baba yako akauliza kwa nini, nawe ukasema, "Nani atamkatia mama?" Akasema atakata yeye. Tukacheka wote, maana vile vidole vya jembe tunavijua, aspirini ikiingia humo inatoka unga. Lakini wewe hukucheka sana. Niliona ulivyoacha chakula.

Nataka upande basi kesho, Rogata. Na nataka upande ukiwa unaujua ukweli. Ukweli wenyewe unaniaibisha, kwa hiyo utaniruhusu niuzunguke kidogo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilipoligundua lile donge ulikuwa darasa la pili. Nilikuwa naoga. Lilikuwa dogo, gumu, kama punje ya mahindi makavu. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi msaidizi miaka kumi na moja kabla ya kufungua hili duka la dawa baridi, na sikumbuki ni wanawake wangapi niliowaambia, ukiona donge usikae nalo. Mimi nilikaa nalo miezi mitano. Watu hutafuta maneno marefu ya kueleza jambo kama hilo, lakini ulikuwa woga tu. Baba yako ndiye aliyeligusa bila kukusudia. Asubuhi yake alimpeleka mnadani yule dume wake mwekundu wa kulimia, bila kushauriana nami, akarudi na kuniambia nifunge mzigo.

Hospitali kubwa walikata ziwa lote, na tezi za kwapani. Wakanipa na vidonge vyao, vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, nami nilivimeza vyote. Sasa angalia. Kwenye ushuhuda wako hukuvitaja vidonge hivyo. Hukumtaja daktari aliyenipasua, wala yule dume mwekundu. Sikulaumu hata kidogo, maana hadithi hii mimi ndiye niliyekufundisha kuisimulia hivyo.

Ilianza mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, barabara bado ni vumbi tupu. Aliingia dukani mzungu mmoja mzee, mwanamke, miguu imevimba, akitaka plasta za visigino. Yeye na dereva wake walikuwa wanatoka kreta, lile bonde la wanyama la hifadhini. Akakaa kwenye benchi hili hili, akafungua mkoba, akatoa kidonge kidogo sana akameza. Nikamuuliza ni cha nini, dereva wake akitafsiri. Akasema ni aspirini, ya kipimo kidogo, kwa ajili ya moyo. Kisha akaniangalia kifuani, upande ulio bapa, akauliza kwa heshima, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema amesoma huko kwao kwamba madaktari wanajiuliza kama aspirini ndogo inaweza kuwasaidia pia wanawake wenye ugonjwa wangu.

Wanajiuliza. Dereva alitafsiri vizuri, na nilipomrudishia swali alitafsiri tena. "Mama, anasema bado wanajiuliza. Hawajajua."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu yote mawili. Lakini gari lao lilipoondoka na vumbi lake, neno "wanajiuliza" nalo likawa limeondoka. Nilibaki na aspirini mkononi na ugonjwa mwilini, nikaviunganisha mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nataka kuishi na nilikuwa na mtoto wa darasa la tatu. Mtu alinipa swali, nikaenda nyumbani nikiwa nimebeba jibu.

Vile vidonge vidogo havikuwa vinafika Karatu. Nilikuwa na vile vya kawaida, vikubwa, kwa hiyo nikahesabu kwamba robo inatosha. Mkono wangu haukuweza kuukandamiza wembe. Nikakuita wewe. Uliweka kidonge juu ya kitako cha sahani, ukabana ulimi kwenye meno, ukavuta pumzi, na vikatoka vipande vinne vilivyolingana kama vimepimwa. Kuanzia hapo ikawa kila Jumapili tukitoka kanisani, vidonge viwili, vipande nane, saba vya wiki na kimoja cha akiba. Ulipokwenda bweni ulinikatia vya muhula mzima, ukavitia kwenye bahasha na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu: Mama, usiruke siku.

Na mimi nikaishi. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Wanawake watatu niliokuwa nao wodini, vitanda vya jirani, nilisikia mmoja baada ya mwingine kwamba hawapo. Mimi nilikuwa naamka, natoka nje, naona ukungu unajitoa taratibu juu ya mashamba ya ngano, na nilikuwa nashangaa mpaka chai inapoa mkononi. Mtu akishangaa kiasi hicho hutafuta wa kumshukuru, na kitu kilichokuwa karibu ni kile kipande cheupe kwenye kisahani.

Nikaanza kusimulia. Mimi mwenyewe nikawa tangazo, maana nilikuwa nimesimama pale nyuma ya kaunta, hai, nikitoa chenji. Wanawake wakaanza kuja. Sikumwambia hata mmoja asiende hospitali, hilo nitalisema hata mbele za Mungu. Niliwaambia nendeni. Lakini la hospitali nililisema kwa sauti ya kawaida, na la robo nililisema kwa kunong'ona, na binadamu akinong'onezwa hushika alichonong'onezwa.

Ulikuwa kidato cha kwanza alipokuja Nasieku. Hukumwona, ulikuwa shuleni. Alitoka Endulen, walikuwa wameleta mbuzi mnadani na mume wake. Mwanamke wa umri wangu, mrefu, Kiswahili chake anakitoa taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Aliniita daktari, na mimi sikumsahihisha. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu.

Akafunua shuka kidogo, nikagusa. Lilikuwa kubwa kidogo tu kuliko langu la siku ile bafuni.

"Hili ni la hospitali, yeyo," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha yake. "Nenda mapema."

"Watakata?"

"Mimi walinikata."

Akarudisha shuka lake. "Na ile nyingine? Ile ya kidogo kidogo. Wamesema unayo."

Nimefikiri tangu Jumatatu kama nikuambie hili, nami nakuambia. Bahasha niliyompa ilikuwa ya vipande vyako, ulivyokata likizo ya Desemba. Wewe ulikata kwa ajili ya mama yako. Aliyevitoa ni mimi, na lawama ikae hapo hapo ilipo.

Alirudi baada ya masika. Nilijua kabla hajafunua, kwa harufu. Alikuwa hajaruka siku, akaniambia, hata siku moja, na bahasha alikuwa ameitunza. Nilifunga duka nikampeleka mwenyewe hospitali kubwa. Daktari alipomaliza kumwangalia alinivuta pembeni akasema angekuja miezi sita nyuma kungekuwa na la kufanya, sasa ni kusafisha kidonda na kupunguza maumivu. Hakuuliza alikuwa wapi miezi hiyo sita, nami sikujitokeza kumwambia. Nilimrudisha Nasieku mpaka stendi. Alinishukuru kwa kumsindikiza. Nililala siku nne bila kufungua duka, na baba yako akawaambia watu ni malaria.

Unaujua ule mmea wa majani marefu kwenye uzio wetu, unaotenganisha sisi na shamba la jirani. Mche wake niliubeba kutoka kwa mama yangu, Uchagani, siku niliyoolewa. Watu wa baba yako wanauona ni uzio tu. Lakini wewe nimekwambia tangu utotoni kwamba hilo ni isale, na kwamba kwetu mtu akikosea mpaka maneno yakamwishia, anachuma jani lake, analipiga fundo, anampelekea aliyemkosea. Na anayepelekewa isale hawezi kukataa. Siku ya tano nilichuma jani, nikalifunga kwenye leso, nikapanda lori la mahindi linalokwenda Endulen.

Nitakuambia kitu utakachonicheka. Nilikuwa nimeishi Karatu miaka kumi na saba, nimewauzia dawa za tumbo wazungu wasiohesabika waliotoka kreta, nimesikia habari zake mpaka nimechoka, na sikuwa nimewahi kuiona. Tulipita lango la hifadhi, tukapanda ndani ya msitu kwa gia ya kwanza, ukungu umeshuka mpaka kwenye kioo. Juu kabisa injini ikachemka, dereva akasimama ipoe. Nikashuka kujinyoosha. Na ukungu ukafunguka, mwanangu, bila sauti yoyote, na mbele ya miguu yangu hapakuwa na nchi. Nchi ilikuwa chini kabisa, nzima, na ziwa lake na msitu wake na mvua yake inayonyesha upande mmoja tu. Niliona vitu vyeusi vimetawanyika nikadhani ni vinyesi vya mbuzi. Dereva akaniambia, "Hao ni nyati, mama." Kwa dakika ile nilisahau nilichokifuata. Kisha nikalikumbuka lile jani kwenye leso, nikaona aibu kwamba nilisahau, na bado sikuweza kuacha kuangalia.

Nasieku alikuwa amekaa nje ya nyumba yake juu ya ngozi, mkono wa upande mbaya ameuegemeza kwenye mto. Alikuwa amekonda. Binti zake walileta maziwa, wakatuacha. Nikampa isale kwa mikono miwili. Akaligeuza geuza.

"Hii ni dawa?"

"Hapana. Kwetu ndiyo tunaombea msamaha."

Ng'ombe walipita, akawahesabu kwa macho wote mpaka wa mwisho. Ndipo akaniuliza.

"Wewe ile robo bado unakunywa?"

"Bado."

"Na umepona."

"Nipo."

"Kwa sababu ya hiyo?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Nilikuwa nimeisema ndiyo hiyo miaka mingi, ilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa ananiangalia, na macho ya mtu aliye katika hali ile hayaongopewi kirahisi.

"Sijui, yeyo."

"Siku ile dukani ulijua kwamba hujui?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. "Wakija wengine," akasema, "anza na hilo. Waambie kwanza hujui. Halafu waambie hili," akagusa kifua, "halingoji."

Kisha akainama, kwa shida, akang'oa nyasi kwa mkono wake mzima, akaziweka kwenye kiganja changu na kukifunga vidole. "Hiyo yako mimi siijui," akasema. "Sisi kwetu ni nyasi. Ng'ombe anakula nyasi. Nani atazikataa?"

Nimeona mambo makubwa katika maisha yangu, Rogata. Nilikuona wewe unazaliwa, na asubuhi ya safari hiyo ya Endulen nilikuwa nimeiona kreta. Sijaona kitu kikubwa kuliko mwanamke yule akitafuta kwa vidole nyasi za kumpa mtu aliyemchelewesha. Sikustahili, na alinipa, na aliponipa aliuliza kama nimekunywa maziwa. Alifariki kabla ya vuli. Zile nyasi ziko kwenye Biblia yangu, na wewe ulidhani ni alama ya kurasa.

Tangu siku ile sikumpa mtu robo tena. Lakini yangu niliendelea kumeza. Nilikuwa nawaambia wanawake "sijui" mchana, na asubuhi nameza kama ninayejua. Niliogopa kuacha. Nilijiambia, labda. Na pia kulikuwa na ile bahasha yenye maandishi mekundu.

Ulipokuwa kidato cha tatu, mwaka waliokuwa wanatutandikia lami, nilianza kuona kizunguzungu, na choo kikawa cheusi kama hiyo lami yenyewe. Nilijificha wiki mbili, unaona nilivyo mwanafunzi mzuri, kisha nikaanguka dukani na baba yako akanibeba. Hospitali nilimkuta daktari kijana, miwani yake imeungwa kwa plasta. Akaniuliza, "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unayomeza?" Swali hilo niliulizwa kila mwaka kwenye uchunguzi, na kila mwaka nilisema hakuna. Safari hii nilikuwa nimechoka. Nikamwambia yote, toka mzungu mpaka wembe.

Hakunifokea. Alisema aspirini imenitoboa tumbo kidogo kidogo, hata hiyo robo, kwa wengine hufanya hivyo, na niache leo. Nikamuuliza kilichokuwa kinanikaba: je, ilikuwa inanisaidia au la?

Akaweka kalamu chini. "Swali zuri sana, mama. Sijui. Na nikikwambia kuna mtu yeyote anayejua leo, nitakuwa nakudanganya."

"Lakini mimi nipo."

"Upo, na nafurahi. Wewe ungekuwepo bila hiyo aspirini?"

Akaanza kunieleza, na kwenye foleni nje walikuwa wanagonga mlango. Alisema jibu haliwezi kutoka kwa mtu mmoja aliyepona, hata akiwa mtu mzuri kiasi gani. Wanatafutwa wanawake wengi, maelfu, wenye ugonjwa wangu, waliokubali. Nusu wanapewa aspirini kila siku. Nusu wanapewa kidonge kinachofanana nayo ambacho hakina kitu, sawa na chaki. Na hakuna anayeambiwa amepewa kipi, hata anayewapa hajui. Wanasubiri miaka. Halafu ndipo wanafungua na kuhesabu.

"Na hao wanakubali? Kumeza chaki?"

"Wapo wanaokubali."

"Na aliyemeza chaki miaka yote hiyo amepata nini?"

"Bila yeye hakuna jibu," akasema. "Yeye ni nusu ya jibu."

Nilitoka pale nikakaa chini ya ukuta wa maabara mpaka baba yako akaja kunitafuta. Nilikuwa nawafikiria wanawake hao. Sijui ni wa nchi gani, au kama wameshaanza, au bado hawajazaliwa hata. Kila asubuhi mtu anaamka na woga ule ule ninaoujua, anaweka mdomoni kitu asichokijua, siku baada ya siku, miaka, ili siku moja mwanamke mwingine akiingia dukani mahali fulani asipewe bahasha. Mimi nilishindwa kukaa na "sijui" hata kwa umbali wa kutoka mlangoni mpaka kwenye kaunta. Wao wanaimeza kwa hiari yao. Nilijisikia kama pale juu ya ukingo wa kreta, ukungu umefunguka, na nilichodhani ni nchi kumbe hakipo, na kilichopo kiko chini kabisa na ni kikubwa mno.

Siku hiyo nikaacha. Sasa umefika mahali nilipokuwa napazunguka.

Sikukuambia. Ulirudi likizo, ukaketi na sahani na wembe wako, ulimi kwenye meno vile vile, nikakosa ujasiri. Nilijiambia nitamwambia akimaliza mitihani. Mitihani haikuisha. Kila asubuhi ulipokuwepo nilipeleka kiganja mdomoni, nikanywa maji, na kipande kikabaki kati ya vidole. Sikuweza kuvitupa, ilikuwa kazi ya mikono yako. Nina kopo la maziwa ya unga nyuma ya boksi la bandeji, humu dukani. Leo nimelifungua kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuangalia. Limejaa mpaka shingoni na linanuka siki, maana aspirini ikikaa sana hugeuka. Ni Jumapili zako za miaka minne.

Kwa hiyo mama unayemwogopea kumwacha bila mkataji ameishi miaka minne bila hata kipande.

Nakujua, sasa hivi umeshakasirika, na baada ya hasira utaruka kusema, basi aspirini haina kazi. Usiruke, mwanangu. Hilo ni kosa langu lile lile limebadilisha gauni. Nimeishi nikimeza na nimeishi nisipomeza, na katikati kulikuwa na kisu, na vidonge vya miaka mitano, na dume mwekundu, na Mungu ambaye hajanieleza. Mimi ni mwanamke mmoja. Sijui kwa nini nipo. Zamani neno hilo lilinitisha nikalifunika kwa kipande cha aspirini. Siku hizi nalisema asubuhi pale mlangoni, ukungu unapanda, na nasikia furaha ambayo sijui niipe jina gani.

Huko uendako utakutana na watu wenye elimu nyingi, na wewe mwenyewe utakuwa mmoja wao. Sina la kukufundisha huko. Naomba kitu kimoja. Siku jibu la swali hili likifika, hata ikiwa ni miaka ishirini ijayo, uniandikie. Likiwa ndiyo, niandikie. Likiwa hapana, niandikie upesi zaidi.

Wale wawili wa Jumatatu nilianza nao kwa neno la Nasieku. Nilisema sijui. Mmoja aliondoka amenuna, akasema nimewasha taa nikaizima. Yule wa khanga alibaki. Nikamgusa, ni dogo bado, Rogata, ni kama punje. Anaogopa kwenda hospitali peke yake, na mume wake yuko machimboni. Nimemkatia tiketi ya basi lenu la kesho, kiti cha jirani na chako, anashuka Moshi. Nimemwambia binti yangu atakuwepo, nawe umkabidhi kwa nesi atakayempokea stendi, ni rafiki yangu wa zamani wa kazini. Ndiyo, najua nimekuwekea mtego. Mpe kiti cha dirishani.

Mkono umeshakuwa mzito na nasikia mbwa wa jirani wanabweka, huenda ni wewe. Barua hii utaikuta juu ya begi lako kabla hujalala. Juu yake nimeweka jani la isale, nimelipiga fundo mwenyewe kwa mkono huu, imenichukua muda. Nimekudanganya miaka minne mwanangu, nimekuacha ubebe uhai wangu kwenye ncha za vidole vyako ukiwa mtoto, na maneno yameniishia. Ile bahasha yako ya maandishi mekundu naiacha kwangu.

Unajua isale halikataliwi. Lakini nakuachia nafasi hata hivyo. Ukinisamehe, usiniambie kitu. Panda basi.

Ni mimi mama yako, na nipo.